Kibati cha Kuingilia Mezani

Mume wangu alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amerudi kutoka shambani, amekula, amejilaza kidogo. Kisha akavaa kanzu yake yenye kiraka begani, akachukua mfuko wake wa ngozi, akatokea mlango wa uani, akaizunguka nyumba yote na kuja kusimama mlango wa mbele.

"Hodi," akasema.

Nilikuwa napepeta mtama. Nilijua kilichomleta, na nilikuwa nimechoka, kwa hiyo nilimwacha asimame. Akabisha tena. Alipobisha mara ya tatu niliweka ungo chini nikasema, "Karibu, mzee." Akainama, akaingia, akakaa kwenye kigoda kile kile alichokuwa amekikalia muda mfupi uliopita.

"Dada Veronika, hujambo?"

"Sijambo, mzee. Habari za kwako?"

"Njema. Mama Magdalena naye hajambo."

Mama Magdalena ni mimi. Andrea, mume wangu, hakuwa mtu wa mzaha, na mpaka leo sijui kama pale alikuwa ananitania.

Kwetu mzee wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba kabla ya Meza ya Bwana. Huuliza maswali ya imani, halafu huuliza unaishije na majirani, na akiridhika hukupa kibati, kidude cha madini ya risasi chenye ukubwa wa kifungo cha koti, kimegongwa herufi moja katikati. Jumapili unaingia nacho, unamkabidhi mzee, unakaa mezani. Asiye nacho hukaa nyuma akatazama. Mzee wetu alikuwa Andrea, na utaratibu huo aliutoa Nyasa. Alikwenda huko kijana, mpagazi wa pembe, ndui ikamshika njiani, msafara ukamtupa, Waskoti wa misheni wakamwokota. Alikaa kwao miaka tisa akajifunza kusoma, kuchonga mbao na kutosema uongo. Mimi alinikuta huko huko. Nilikuwa nimefika na kamba shingoni, napelekwa kuuzwa Kilwa, nikakombolewa. Tuliporudi kwao, mwendo wa nusu siku kutoka Kiranjeranje, tulikuwa wakristo wanne. Miaka kumi baadaye tulikuwa ishirini na saba, katikati ya majirani Waislamu waliotucheka kidogo na kutuvumilia sana.

Kisha ikaja vita ya maji, na baada ya vita njaa, na tukabaki kumi na wanane.

Sasa niseme kwa nini nilikitaka kile kibati, maana nilikitaka kupita kiasi. Mchungaji hutoka Nyasa kwa miguu, bila yeye hakuna Meza, na ilikuwa imepita miaka minne tangu alipokuja mara ya mwisho. Katika miaka hiyo minne nilichimba ming'oko, mizizi ya porini, mpaka kucha zikang'oka. Nilimzika Magdalena wangu, ana miaka saba, mwepesi hata nikambeba kaburini peke yangu. Na pale Mezani, tofauti na mahali pengine popote ninapopajua duniani, mwanamke anakaa kitako, na wanaume ndio wanaomletea mkate na kikombe mpaka mkononi. Nilitaka kukaa. Siku moja tu nikae na mtu aniletee.

Andrea aliniuliza maswali, kuanzia la kwanza. Nikayajibu yote bila kukwama, maana nilijifunza kwa mwalimu yule yule aliyemfundisha yeye, na tuseme ukweli, nilikuwa naelewa upesi kuliko yeye. Akaniuliza tunaokolewa kwa kitu gani. Nikasema kwa neema tu. Akatikisa kichwa kukubali, akatazama sakafuni.

"Je, una amani na majirani zako?"

"Ninayo."

"Wote?"

"Wote tunaosali nao."

"Sikuuliza mnaosali nao."

Kupitia mlangoni niliona ua wa Sada, jirani yetu, na moshi wake wa jioni. Zamani moto wangu ukizimika nilikuwa nachukua kaa kwake, na wake ukizimika anachukua kwangu. Huu ulikuwa mwaka wa pili hatujasalimiana.

"Mimi sikumkosea Sada," nikasema. "Nilisema kweli. Amri ya tisa inakataza uongo, na wewe ndiye uliyenisomea."

"Ndiyo."

"Basi?"

Andrea akafunga kamba ya mfuko wake, taratibu, kama afanyavyo mambo yote. "Kibati si ujira wa kutosema uongo, Dada Veronika," akasema. Akasimama, akaniaga kwa heshima, akatoka. Nikamsikia akiizunguka nyumba. Akaingia kwa mlango wa uani, akavua kanzu, akaitundika.

"Mama Magdalena," akasema, "kuna maji ya kunywa?"

Nilimpa maji. Nusura nimmwagie, lakini nilimpa.

Ninyi msiokuwepo lazima mwelezwe jambo lenyewe. Ilikuwa mwezi wa kumi wa mwaka ule vita ilipoanza. Bakary, mume wa Sada, alikuwa amekunywa maji ya dawa kama wenzake wengi, akaenda kupigana kule kwenye mashamba ya pamba ya akida wa Wadachi, akarudi na tundu la risasi pajani. Risasi haikugeuka maji. Alijikokota mpaka kwetu, si kwake, kwa sababu kwake wangemtafuta kwanza. Andrea alimficha kwenye shimo tulilochimbia udongo nyuma ya nyumba ya sala, akamfunika kwa nyasi. Hakuniuliza mimi. Bakary huyo alikuwa ametutukana mwaka mzima, akatuita mbwa wa Wadachi, na mbuzi wangu mmoja alichukuliwa na watu wake. Lakini Andrea alimpelekea uji kwa mkono wake.

Siku ya tatu wakaja askari na Mdachi wao. Walijua watu wa misheni hawakunywa dawa, kwa hiyo walikuja kwetu moja kwa moja, kirafiki. Wakamuuliza Andrea kama kuna mtu wa vita kijijini. Angeweza kusema hakuna. Mtu mwingine yeyote pwani hii angesema hakuna, na Mungu angemwelewa. Andrea alisema, "Sitawaambia."

Kwa hiyo wakajua yupo. Wakamlaza kifudifudi uani kwangu, wawili wakamshika miguu, mmoja akakaa shingoni, na kiboko kikaanza. Adhabu ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kama kawaida yao, na wakasema zikiisha wataanza upya. Andrea hakulia. Angelia labda ningevumilia. Nilihesabu mpaka kumi na moja, na ya kumi na moja ilipotua nikasema, "Yuko shimoni, nyuma ya nyumba ya sala."

Walimchukua Bakary mpaka Kilwa. Walimnyonga huko pamoja na wengine, na maiti haikurudi.

Tangu siku ile nilipita mbele ya nyumba ya Sada nimenyoosha shingo. Watu walinong'ona; nikajiambia wananong'ona kwa sababu sisi hatusemi uongo, na asiyesema uongo huchukiwa. Niliwafundisha wanawake wa kanisa amri ya tisa mara nne ndani ya mwaka mmoja. Andrea hakunilaumu hata kwa jicho. Mgongo ulipopona alianza kwenda kulima shamba la Sada, asubuhi mapema kabla watu hawajatoka, na hata njaa ilipokolea na hakukuwa na mbegu ya kutia ardhini, bado alikwenda kukwatua magugu. Kwangu hakusema neno. Na mimi nilichukia kimya kile kuliko ambavyo ningechukia kofi.

Ijumaa wanawake walipita kwangu kunionyesha vibati vyao. Agnes alikuwa na chake. Agnes, ambaye hafiki swali la kumi bila kuanza kulia. Maria alikuwa nacho, yule ambaye wakati wa njaa alikula mbegu za mwenzake, akaenda akakiri kwake, wakalia wote wawili na yakaisha. Wakaniuliza changu kiko wapi.

"Mzee atakileta," nikasema. Huo ulikuwa uongo, na ulitoka mdomoni bila taabu yoyote.

Walipoondoka nilikaa chini. Nilijishangaa. Amri ambayo kwa ajili yake mtu alinyongwa, nilikuwa nimeivunja kwa ajili ya Agnes na Maria, ili wasinidharau. Basi haikuwa amri. Hata siku ile haikuwa amri. Kiboko cha kumi na mbili kilikuwa kimeinuliwa juu, na mimi sikuwa nawaza amri yoyote. Nilikuwa namwona mume wangu anakufa. Amri niliitafuta baadaye, nikajifunika nayo, kwa sababu kama ni amri basi Mungu ndiye aliyemtoa Bakary, na kama si amri ni mimi.

Andrea aliporudi nilimwambia, "Wewe unauliza watu wote. Na wewe nani anakuuliza?"

Alikuwa anakwangua matope miguuni. Akaacha, akauweka mguu chini. "Hakuna," akasema.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Sada. Ni hatua kama sitini, nimezihesabu. Nilibisha hodi nikabaki uani, sikukaribishwa kukaa. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele, mchele mwingi kuliko niliokuwa nimeuona kwa mtu yeyote tangu vita. Alikuwa amekonda, kama sisi wote, lakini nywele alikuwa amesuka.

"Umekuja kusema nini?" akauliza, macho kwenye ungo.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, hizo hatua sitini. Yalianza vizuri, yana heshima, yana Mungu ndani yake. Nilipofungua mdomo yakanitoka mengine.

"Nilimtoa Bakary ili Andrea apone," nikasema. "Ni hilo tu. Yale mengine niliyokuwa nasema ni ya kujisitiri."

Sada akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Walikuwa wamempiga ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja," akasema. "Mimi nisingefika tano." Akanyanyua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. "Angekuwa Bakary ndiye amelazwa hapo, na Andrea yuko shimoni kwangu, nisingefika tano. Nimelifikiria sana hilo. Nalala nalo na kuamka nalo. Kwa hiyo usidhani nilikuchukia kwa sababu ulisema."

"Kwa nini, basi?"

"Ulikuwa unapita hapo njiani umenyoosha shingo. Mume wangu hana hata kaburi, na wewe unapita hapo kama mtu aliyetumwa na Mwenyezi Mungu. Ungelipita hata umeinama siku moja, Veronika. Siku moja tu."

Nikashika nguzo ya ua.

"Niwie radhi," nikasema.

"Leo siwezi." Alisema bila hasira, kama mtu anayesema leo hana chumvi. "Kesho ni hitima yake. Nimengoja mavuno mawili nipate cha kulisha watu. Mwalimu Abdulrahmani amekubali kuja kusoma, lakini wanawake wa kunisaidia sina. Wanaogopa. Wanasema akida atawaandika majina, kwamba wanamwombea mtu wa vita. Nina Mwahija tu, na Kudra, na Kudra mjamzito. Mtama bado haujatwangwa." Akarudi kwenye ungo wake. "Kama unataka kuja, njoo alfajiri."

"Kesho?"

"Kesho."

Nilikuwa nafika kwenye njia aliponiita. "Na mumeo mwambie, hilo shamba anakwatua juu juu tu. Mizizi yote anaiacha."

Nyumbani nilimkuta Andrea amevaa kanzu, anakwenda kumpokea mchungaji. Nikamwambia nimekwenda.

"Amekuwia radhi?"

"Hapana."

Akafungua mfuko wake, akatoa kibati, akakiweka kwenye kiganja changu. Hakuzunguka nyumba safari hii. Kibati kilikuwa cha baridi na kizito kuliko nilivyokumbuka, na nililia. Nilijiambia nisilie lakini nililia.

"Anataka nikamtwangie kesho," nikasema.

"Kesho ni Jumapili."

"Najua kesho ni siku gani."

Akafikiri. Waskoti walimfundisha kwamba siku ya Bwana hata kuni hazipasuliwi, na kwamba kazi ya huruma peke yake ndiyo inayopita. "Huruma inaruhusiwa," akasema mwishowe.

"Na Meza?"

"Meza ni saa tatu."

"Mtama hauishi kutwangwa saa tatu. Na watu wanakula alasiri."

Alisimama pale na mfuko wake. Alikuwa akiulizwa na watu wote wa kanisa mambo ya kila aina, na kila mara alikuwa na jibu, taratibu lakini analo. Mimi alinitazama tu, halafu akaenda kumpokea mchungaji.

Alfajiri nilikwenda na mchi wangu. Niliwaza hivi: nitatwanga kwa nguvu, saa tatu nitoroke kidogo, nikae Mezani, nirudi. Sada angenielewa. Kibati nilikifunga kwenye pindo la kaniki yangu, mafundo mawili.

Tulikuwa wanne, na Kudra tukamkataza kutwanga, akawa anapepeta. Baadaye kidogo wakaja wengine wawili, wakaona nipo, mtu wa misheni, wakajipa moyo, wakafunga viuno. Tulitwanga kwa zamu. Mikono yetu ilikuwa haina nyama, mapigo machache tu unasikia mabega yanawaka. Hakuna aliyeimba. Mwalimu Abdulrahmani akafika na wanaume watano, wakakaa barazani, wakaanza kusoma.

Nyumba ya sala iko karibu. Saa tatu nilisikia wenzangu wameanza zaburi, sauti chache, ya Andrea ikiwa ndiyo nzito. Nilisimamisha mchi. Nilikuwa nimekwisha kuufuta uso kwa kanga ya Mwahija, nataka kumwambia Sada kwamba natoka kidogo.

Ndipo tarishi wa akida akaingia uani. Hakubisha hodi. Alikuwa na kofia nyekundu na daftari, akatazama barazani, akatazama vinu, akatuhesabu kwa macho.

"Kuna nini hapa?"

Wanawake waliinamisha vichwa. Kudra akawa anapepeta ungo usio na kitu. Nilijua wanachowaza: mmoja angesema ni harusi, au ni chakula cha kushukuru mavuno, na yule tarishi, akipewa sahani, angekubali. Hata Sada alikuwa amefungua mdomo. Lakini nilikuwa mbele yao wote, na akanitazama mimi.

"Mama wa misheni," akasema. "Hata wewe? Kuna nini?"

"Hitima ya Bakary," nikasema. "Aliyenyongwa Kilwa. Alikamatwa kwangu. Mimi ni Veronika, mke wa Andrea Likwata. Ukiandika, anza na jina langu."

Nilisema kweli, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumwokoa kwa kuisema. Yule tarishi alilitazama daftari, akanitazama, na nadhani naye alikuwa amechoka; kila mtu mwaka ule alikuwa amechoka, hata matarishi. Aliandika kitu, sijui nini. Akasema akida ataambiwa, akaondoka bila kula. Hatukuitwa, siku ile wala baadaye, lakini pale hatukulijua hilo.

Wale wanawake wawili waliofika mwisho walikuwa wamefungua viuno. Hawakusema kwamba wanaondoka. Walinitazama mimi. Nikaelewa kwamba nikitoka pale, hata kwa muda wa kula kipande cha mkate, watatoka nyuma yangu, na Sada atabaki na mtama nusu na wageni barazani. Zaburi ilikuwa imekwisha. Mchungaji alikuwa anasema, sauti yake inakuja na kupotea. Miaka minne. Nilijua pia kwamba akirudi Nyasa hatutamwona karibuni, na mtu wa umri wangu asiye na mafuta mwilini hajui kama atakuwepo.

Niliushika mchi. Niliupiga ule mtama kwa hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani, na wenzangu wakafunga viuno tena, wakaja. Nilimkasirikia Mungu pia, na nilimwambia. Nilimwambia nilitaka kukaa tu.

Watu walikula alasiri. Wali wa Sada uliwekwa katika sinia mbili, ugali wa mtama ukajaza pengo. Barazani waliomba dua kwa jina lake Bakary, na Sada alisimama nyuma ya mlango, mkono mdomoni, akasikiliza mpaka mwisho. Wageni wakaondoka. Tukabaki kusugua vyungu, na mimi nikawa sisikii mabega yangu tena.

"Hodi," mtu akasema nje ya ua.

Niliijua ile hodi. Miaka miwili alikuwa amelima shamba la mwanamke huyu na hakuwahi kusimama mlangoni kwake. Nilimwendea nikamkuta amevaa kanzu ya kiraka, mikono mitupu, hana mfuko.

"Mmekula?" nikamwuliza, maana yake Mezani.

"Wengine wamekula."

"Na wewe?"

"Nilimrudishia mchungaji kibati changu. Na uzee wa kanisa nimemrudishia." Alisema akitazama miguu yake. "Niliwaambia. Nilisimama nikawaambia kwamba fimbo iliposimama siku ile, nilishukuru. Kabla sijajua kwa nini imesimama. Na baada ya kujua pia nilishukuru, Veronika, nikiwa nimelala pale. Halafu nikakuachia wewe ubebe peke yako, na mimi nikaenda kulima. Wewe nilikuuliza. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Nilimkasirikia. Nawaambia bila kuficha. "Angalau mmoja wetu angekaa," nikasema. "Miaka minne, Baba Magdalena. Angalau mmoja."

Alisimama pale, na jua lilikuwa linamchoma usoni, na niliona amezeeka.

"Mwambie apite," Sada akasema nyuma yangu. "Akisimama hapo ananizibia upepo."

Andrea akaingia uani, akakaa chini kwenye mkeka bila kuonyeshwa, upande upande, maana mgongo wake haukubali kuegemea kitu. Alisema, "Shemeji Sada, niwie radhi," kwa sauti ndogo. Sada alisema amesikia. Hakusema zaidi ya hapo, na radhi yenyewe, yangu na yake, tuliipata baada ya mavuno mengine mawili, shambani, katikati ya maneno ya mambo mengine.

Nilirudi kwenye chungu changu. Nilipoinama, lile fundo la kaniki likagonga ukingo wa chungu, likalia.

"Hicho nini umefunga hapo?" Sada akauliza.

"Kibati."

"Cha nini?"

"Cha kuingilia mezani kwetu. Kanisani. Ilikuwa leo."

"Leo saa ngapi?"

"Asubuhi. Alipokuja yule tarishi."

Sada akasimama na kitambaa mkononi. Akalitazama lile fundo, akanitazama usoni, akatazama kule kwenye nyumba ya sala ambako watu walikuwa wamekwisha kutawanyika. Nilimwona anahesabu saa, kama nilivyokuwa nimezihesabu mimi. Alikwenda jikoni akakwangua wali uliobaki, akautia katika bakuli, akamimina maji ya kunawa kwenye kata. Kuna watu baadaye waliniambia kwamba ile ndiyo ilikuwa Meza yenyewe. Haikuwa. Meza ya Bwana naijua, na ile niliikosa, na iliniuma mpaka mchungaji aliporudi.

Lakini Sada alikuja na bakuli mkono mmoja na kata mkono mwingine, akaninyang'anya kile chungu kwa goti, akakisukuma pembeni.

"Kaa, Veronika," akasema. "Umesimama tangu alfajiri."

Nikakaa. Akanimwagia maji mikononi, akaniwekea bakuli mapajani.